Sikio Moja, Wimbo Mzima

Mimi ni mtu wa sikio moja. La kushoto lilikufa nikiwa na umri wa miaka minane, kwa matumbwitumbwi, ugonjwa ambao wengi huudhani kuwa ni wa kuvimba mashavu na kuchekwa na wenzako tu. Nalitaja jambo hili mwanzoni si kwa kutafuta huruma ya msomaji, bali kwa sababu makala haya yanahukumu vyombo vya muziki na muziki wenyewe, na ni haki ya msomaji kujua hakimu anasikia kwa kiasi gani.

Nilipokuwa mwalimu, tatizo langu lilikuwa la pande. Mwanafunzi akinong'ona darasani nilimsikia vizuri, lakini sikujua amekaa wapi, maana mtu hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha kile kinachofika masikio yote mawili. Barabarani ni vivyo hivyo: pikipiki naisikia, ila sijui inatokea kulia au kushoto mpaka nigeuze kichwa. Lakini katika muziki sikuwahi kujiona mpungufu. Redio ya marehemu baba ilikuwa na spika moja, nami nilikuwa na sikio moja, tulitoshana. Hapa kwetu Kabanga, baridi ya jioni ilipoanza kushuka, tulikoka moto, redio ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikatuletea Morogoro Jazz, NUTA Jazz, Western Jazz na wengineo. Usiku ulipozidi, Bujumbura iliingia kwa nguvu kuliko Dar es Salaam. Tulisikiliza sote, na hakuna aliyepata zaidi ya mwenzake.

Umeme wa gridi ya taifa ulifika Kibondo na Kasulu mwaka 2022. Kabla ya hapo mijini walitegemea majenereta ya dizeli, na sisi wa pembeni tulitegemea sola na kibatari. Baada ya nyumba yangu kuunganishwa, mwanangu aliyeko Dar es Salaam aliniletea kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, pamoja na hedifoni kubwa nyeusi za watu wa studio. Ndani ya kompyuta alikuwa amejaza nyimbo za dansi mamia kwa mamia. Mjukuu wangu alikuja nazo likizo, akaziunganisha, akanivika kichwani na kuniambia: "Babu, sasa utasikia mambo."

Nilichosikia kwanza ni mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga. Mjukuu alihangaika na vitufe kwa nusu saa. Mwishowe nilichomoa waya wa chaji, na nyuki wakanyamaza. Sababu ni rahisi. Chaji ile ilikuwa ya pini mbili, isiyo na waya wa ethi, na uchafu wa umeme ulikuwa unapita kwenye kompyuta hadi masikioni. Tangu siku hiyo huchaji mchana na kusikiliza usiku kwa betri. Dawa hiyo haikunigharimu senti, na ni bora kuliko nyingi nilizouziwa baadaye.

Nasema nilizouziwa, kwa sababu sauti ilikuwa ndogo mno. Hedifoni zile zimeandikwa omu 250, nazo huhitaji msukumo wa umeme mkubwa kuliko ule unaotoka katika tundu la kompyuta ya kawaida. Hedifoni nyingi za mitaani ni za omu 32 au karibu na hapo, nazo hutosheka na kompyuta au simu. Sikuyajua hayo. Nilikwenda kwa muuzaji mmoja wa mjini, ambaye simtaji, akaniambia kwamba nikinunua amplifaya ya hedifoni nitasikia hata mwanamuziki akimeza mate. Niliuza magunia mawili ya maharage. Amplifaya ikaja, nikaiwasha, na kwa kweli sauti ikawa kubwa. Lakini matoazi yalisikika kama maji yanayomwagwa juu ya changarawe, na sauti za waimbaji zilikuwa na mtetemo wa mtu anayeongea nyuma ya feni.

Ndipo nilipojifunza somo la kwanza la makala haya. Amplifaya hupaza, na ubovu nao haubagui. Nyimbo zile zilikuwa zimerekodiwa kutoka kwenye redio, zikaingizwa katika kanda, kanda ikanakiliwa, kisha mtu akazibana katika kompyuta mpaka kilobiti 64 kwa sekunde ili zienee katika simu. Diski ya CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Si lazima wimbo uwe na kiasi hicho chote ndipo upendeze, lakini ukiushindilia hivyo, kinachotupwa kwanza ni vile vitu vyembamba: mlio wa toazi, pumzi ya mwimbaji, kucha juu ya uzi. Hakuna chombo duniani kitakachorudisha kilichokwisha kutupwa. Mwanangu aliponitafutia nakala bora za nyimbo zile zile, zilizotolewa kwenye kanda zenyewe na si redioni, nilizisikiliza kwa hedifoni za bei nafuu, bila amplifaya, na zilishinda kila kitu nilichokuwa nimesikia kwa thamani ya maharage yangu.

Naomba nieleze wimbo mmoja, maana bila mfano haya ni maneno matupu. Ni "Muna" wa Tabora Jazz, utunzi wa Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma, kwa hiyo sisi wa mkoa huu tunauona kama wa nyumbani. Ni wimbo wa majonzi. Niliujua kwa miaka mingi, nikadhani naujua wote. Kumbe redio ya masafa ya kati hupitisha sauti mpaka kama hezi 4,500 tu, wakati sikio la kijana lenye afya hufika hezi 20,000. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeuona wimbo huo kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Katika nakala safi nilisikia gitaa la kati, lile ambalo halisifiwi na mtu, likirudia maneno yake yale yale bila kuchoka, kama mtu anayemshika mfiwa mkono. Redioni lilikuwa limefunikwa. Na nilielewa kwa nini wimbo ule hauangukii katika kilio ingawa habari yake ni ya kulia: upo mkono unaoushikilia.

Hii ndiyo faida halisi ya kusikiliza kwa hedifoni, nami siipuuzi. Mtu anasogezwa karibu na chumba walimopigia. Katika rekodi za zamani za Radio Tanzania bendi kwa kawaida ilipiga yote kwa pamoja, na vipaza sauti havikuwa vingi. Nani asikike zaidi na nani kidogo, liliamuliwa mle mle chumbani, kwa mtu kusogea mbele au kurudi nyuma, kwa mpiga tarumbeta kungoja mwimbaji amalize, kwa mpiga besi kujua nafasi yake. Gitaa la solo lilikaa juu, la kati likakaa katikati, besi ikakaa chini, na hawakugongana kwa sababu kila mmoja alikuwa na wakati wake wa kusema. Ni adabu ya baraza la wazee, ambako anayesema amepewa nafasi na wengine. Nchi yetu wakati ule haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri, na bendi iliyotaka sahani ilibidi ihangaike mpaka Nairobi. Kwa nyimbo nyingi, kanda ya redio ndiyo ilikuwa kitabu chake pekee. Walipiga wakijua kwamba wimbo utafika kwa msikilizaji kupitia spika moja juu ya kinu kilichopinduliwa.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu na mjukuu.

Siku moja alisema nyimbo hizi za mono "zimebana". Nilimwuliza maana yake. Akaeleza kwamba akivaa hedifoni, wimbo wa mono humkalia katikati ya kichwa, waimbaji na magitaa wote wamerundikana mahali pamoja kama abiria wa hiace. Wimbo wa stirio humtandazia: gitaa moja kulia, jingine kushoto, mwimbaji kati. Nilimsikiliza kwa makini, kwa sababu anaeleza kitu ambacho mimi sitakijua kamwe. Mimi sina katikati ya kichwa. Stirio ni uvumbuzi wa heshima. Mwingereza Alan Blumlein aliomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1931, na sahani za stirio zikaingia madukani mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1958 Mmarekani John Koss alionyesha hedifoni za stirio za kusikilizia muziki nyumbani. Kwa mwenye masikio mawili ni neema. Kwa mwenye sikio moja, hedifoni za stirio ni ukuta. Spika zikiwa chumbani, sauti ya kushoto huzunguka na kulifikia sikio la kulia. Hedifoni hukata njia hiyo, na kilichopelekwa kushoto hufia kushoto.

Tukajaribu kwa albamu ya Remmy Ongala, "Songs for the Poor Man". Remmy, aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947 na kuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, aliirekodi albamu hiyo akiwa na Super Matimila katika studio ya Real World, Uingereza, ikatoka mwaka 1989. Nilivaa hedifoni na kusikiliza wimbo mzima, nikaona ni mzuri ingawa una mapengo. Kisha nikazigeuza, kombe la kushoto likaja kulia. Nikasikia gitaa ambalo halikuwapo dakika tano zilizopita. Nilikuwa nimeupa wimbo wa mtu hukumu baada ya kusikia nusu ya ushahidi.

Dawa ilipatikana, na naiandika hapa kwa ajili ya wenzangu wenye hali kama yangu, maana hakuna muuzaji aliyeniambia. Katika mipangilio ya kompyuta zenye Windows 10 au 11, na katika simu nyingi za sasa, ipo swichi ya sauti ya mono. Imewekwa pamoja na misaada ya watu wenye ulemavu. Ukiiwasha, kulia na kushoto vinachanganywa, na kila kombe la hedifoni linapata wimbo wote. Ni bure.

Nilitegemea kwamba kwa kuchanganywa hivyo albamu ya Remmy ingeharibika, magitaa yagongane kama mbuzi mlangoni. Haikuharibika. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na jibu langu ni kwamba bendi ile ilikwenda Uingereza na adabu yake. Magitaa yalikuwa yamekwisha kugawana nafasi kwa urefu wa sauti na kwa wakati, katika kumbi za Dar es Salaam, kabla fundi wa studio hajayagawia kulia na kushoto. Upana wa stirio ulikuwa nguo nzuri; mwili chini yake ulikuwa timamu. Nyimbo nyingi za siku hizi ninazozisikia zikivuliwa nguo hiyo hulegea, kwa sababu vyombo viwili vinasema jambo moja kwa sauti moja, na kilichovitenganisha kilikuwa pande tu. Siwalaumu vijana. Nasema hiki ni kipimo kizuri cha utunzi: uchanganye wimbo wako uwe mono, usikilize kwa spika ndogo, na uone kama bado unasimama.

Lakini kuna ubaya ambao siuvumilii, nao ni stirio ya uongo. Mjukuu wangu, kwa nia njema, aliniletea nakala "zilizoboreshwa" za nyimbo zetu za zamani. Mtu fulani amechukua kanda ya mono, akapeleka sauti nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, akauchelewesha upande mmoja kwa sehemu ndogo ya sekunde, ili masikio mawili yadanganyike kwamba kuna upana. Jambo hili si geni. Makampuni ya sahani ya Marekani yaliwafanyia hivyo wanamuziki wao katika miaka ya 1960, ili kuuza upya mali ya zamani. Sikio langu la kulia lilipata matoazi, na gitaa la juu kwa mbali. Besi na tumba vilikuwa vimehamia kaburini pamoja na sikio la kushoto. Nikawasha swichi ya mono. Wimbo ukarudi, lakini umekuwa kama unapigwa ndani ya bomba la maji. Sauti iliyocheleweshwa ikichanganywa tena na mwenzake, baadhi ya milio hufutana. Kwa hiyo stirio ya kweli naweza kuirudisha mono nikapata kitu, ila hii ya uongo haina njia ya kurudi. Wamevunja chungu ili kionekane kikubwa.

Mtu atasema hayo ni malalamiko ya mzee mmoja kiziwi. Nakubali mimi ni mmoja. Lakini kanda hizi zinaendelea kuchakaa, na kila mwaka watu wanazihamishia katika kompyuta. Kama anayehamisha atatunza tu nakala "iliyoboreshwa", akaitupa ile ya mono kwa kuiona fukara, wajukuu zetu watarithi besi upande huu na tarumbeta upande ule, na hawatajua kwamba wale watu walisimama katika chumba kimoja. Anayetaka kuremba na arembe nakala. Kanda yenyewe aiache kama ilivyo.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonigharimu zaidi ya maharage.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nasikiliza kila usiku. Mke wangu hapendi kelele usiku, nami nilijisifu kwamba hedifoni zimeleta amani ndani ya nyumba. Jioni moja alikuwa amebisha hodi mlangoni, mikono yake imejaa, na mvua inanyesha. Alibisha kwa muda mrefu. Nilikuwa ndani, hatua sita kutoka mlangoni, sikio langu pekee limezibwa na "Muna". Alipoingia kwa mlango wa uani hakugomba. Alivua kanga iliyolowa, akasema, "Mwalimu, zamani ulikuwa na sikio moja. Siku hizi huna hata hilo."

Maneno hayo nilikaa nayo. Nilikuwa nimetumia muda mwingi kupima vyombo kwa kipimo cha kama vinanifikishia wimbo mzima, nisijiulize vinanitoa wapi. Muziki ule niliukuta ukiwa mali ya watu waliozunguka moto. Nilikuwa nimeuchukua, nikaufungia katika fuvu langu, nikauita usikilizaji bora. Uhakiki wowote wa hedifoni usiotaja mtu anayebisha hodi mlangoni ni nusu ya uhakiki.

Nimebadili mambo mawili. La kwanza ni kiasi cha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu unazoongeza hupunguza muda huo kwa nusu. Mwenye masikio mawili akikaidi ana akiba. Mimi sina. Naweka sauti mahali ambapo mtu akiniita kutoka jikoni nitamsikia, na ile amplifaya nimempa fundi wa redio, ambaye ana kazi nayo.

La pili liligunduliwa na mke wangu. Zile hedifoni kubwa nimeziweka. Tunatumia visikilizio vidogo vya waya, vya kuchomeka sikioni, ambavyo huuzwa sokoni kwa bei ya kilo chache za mchele. Cha kulia navaa mimi. Cha kushoto, ambacho kwangu kilikuwa kinaning'inia bure, alikichukua usiku mmoja akajiwekea. Swichi ya mono ilikuwa imewashwa, kwa hiyo alipata wimbo wote, nami wote. Waya ni mfupi, inabidi tukae karibu. Masikio yetu mengine yako wazi: langu halina faida, lakini lake linasikia mlango.

Mjukuu alipokuja likizo iliyofuata alitukuta hivyo, akacheka, akataka kutununulia visivyo na waya. Nilimshukuru, nikamwambia asubiri kwanza. Mke wangu alikuwa amekwisha kuomba "Muna" urudiwe, na alikuwa anaimba lile gitaa la kati, si maneno. Miaka yote ile penye moto, kumbe yeye alikuwa analisikia.